Uzi: Tangawizi na manjano kwa maumivu ya misuli baada ya mazoezi, je, hatuzinywi tukiwa tumeshachelewa?

Mwalimu wa Langoni (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum nyote, na habari za jioni kwa wengine.

Sisi ni kikundi cha watu wanane tunaokimbia hapa Lamu baada ya sala ya alfajiri. Tunaanzia mjini, tunafuata ukingo wa bahari hadi Shela, mwendo wa kilomita 3 hivi, kisha tunaingia ufuoni. Kwa miezi mingi tulikuwa tukikimbia juu ya mchanga mgumu maji yakiwa yamekupwa, wala hakuna aliyelalamika. Mwezi uliopita mmoja wetu akashauri tupande na kushuka vilima vya mchanga vilivyo nyuma ya Shela, tukafanya hivyo mara kumi. Siku ile ile nilijiona kijana. Asubuhi yake nilihisi mapaja yamekaza, na siku iliyofuata, nilipokuwa nateremka kutoka darini katika nyumba yetu ya mawe, ambayo ngazi zake ni nyembamba na zimesimama kama mlingoti, ilinibidi nishuke kinyumenyume, mikono miwili ukutani, huku mke wangu amesimama chini na sinia la kahawa akisubiri nipite ili apande. Hadi leo hajaacha kulisimulia jambo hilo kwa wageni.

Nilikwenda katika duka moja, ambalo sitalitaja, nikauziwa kwa shilingi 2,800 chupa ya kapsuli zilizoandikwa kuwa ni mitishamba ya misuli. Kibandiko kilisema kila kapsuli ina miligramu 600 za mchanganyiko wa manjano, tangawizi, ubani na mlonge, lakini hakikusema kila mmea umetiwa kiasi gani. Nilizinywa siku tatu, nikapata kiungulia, na siku ya nne maumivu yakaisha. Muuzaji akaniambia, "Si unaona?" Niliona kweli, ila nilichokiona ni kingine: maumivu ya aina hii hufika kileleni kati ya saa 24 na 72 baada ya mazoezi na kisha hupungua yenyewe, kwa hiyo hata ningekunywa maji ya kisima, siku ya nne ningekuwa nimeanza kushuka ngazi uso mbele.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma, na ninaandika uzi huu kwa sababu nadhani wengi wetu tunaikosea mitishamba hii mambo mawili, wakati na kipimo.

Kwanza tuliondoe suala la asidi, maana kila kijana wa chumba cha mazoezi hulirudia kwamba misuli inauma kwa sababu ya "asidi ya laktiki iliyoganda". Haigandi. Laktiki inayozalishwa wakati wa mbio kali huwa imeondoka katika damu kwa kiasi cha saa moja tu, ilhali maumivu haya huja kesho yake. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani waliwalinganisha watu waliokimbia tambarare na waliokimbia kwenye mteremko. Laktiki ilipanda kwa wale wa tambarare, na maumivu yakawapata wale wa mteremko. Kinachoumiza ni msuli kulazimika kurefuka huku umekaza. Aliyewahi kushusha foromali ya jahazi, ule mti unaobeba tanga, ataelewa mara moja: unapoilegeza henza, yaani kamba yake, pole pole ili tanga lisianguke kwa kishindo, mikono inashikilia na huku inavutwa. Mapaja hufanya kazi hiyo hiyo unaposhuka kilima au ngazi. Nyuzi ndogo za msuli hupata mipasuko midogo sana, mwili hupeleka majimaji na chembe za kutengeneza mahali hapo, na uvimbe huo mdogo ndio unaotufanya tutembee kama bata.

Sasa tuje kwenye tangawizi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye ushahidi unaoeleweka kuliko nyingine zote za jikoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, uliwapa watu gramu 2 za tangawizi kila siku kwa siku 11 mfululizo, wengine mbichi na wengine iliyopitishwa motoni, na kundi jingine likapewa kapsuli zisizo na dawa. Siku ya 8 wote walifanyishwa mazoezi ya kuumiza misuli ya mkono inayokunja kiwiko. Baada ya saa 24, waliotumia tangawizi walihisi maumivu pungufu kwa takriban asilimia 25, na kuipika hakukuongeza faida. Tazameni hesabu ya siku hizo. Watu wale walikuwa wameinywa kwa wiki nzima kabla ya kuumia, na watafiti hao hao walipojaribu kuwapa watu dozi moja tu baada ya kuumia, maumivu hayakupungua hapo kwa hapo. Sisi tunaanza kumenya tangawizi siku tunayoshindwa kuinuka kitini.

Gramu 2 ni kiasi cha kijiko kimoja cha chai cha unga wa tangawizi kavu. Nimepima kwa mizani ya sonara, rafiki yangu, ambaye alinicheka lakini akanipimia.

Manjano yana shida nyingine, nayo ni hesabu. Kiini chake kinachotafitiwa, kurkumini, ni kama asilimia 3 tu ya uzito wa unga. Kijiko cha chai kina gramu 3 hivi za manjano, yaani kurkumini miligramu 90. Majaribio yaliyoonyesha nafuu ya misuli, nafuu ya kiasi tu, mara nyingi yalitumia mamia ya miligramu kwa siku na mengine yakapita gramu 1. Ili upate miligramu 500 kutoka jikoni ungehitaji vijiko vitano hadi sita kila siku, na mchuzi wa namna hiyo hata paka wa gati hawaugusi. Tena sehemu kubwa ya kurkumini hupita tumboni bila kufyonzwa. Jaribio moja la mwaka 1998 lilionyesha kwamba miligramu 20 za piperini, kiini cha pilipili manga, ziliongeza kiasi kinachofika katika damu kwa asilimia 2,000. Mafuta nayo husaidia, na hapo bibi zetu waliokaanga manjano katika tui zito pamoja na pilipili manga hawakuwa mbali na ukweli, ingawa wao walikuwa wanapika samaki.

Ningependa kusikia kutoka kwa wenye ujuzi wa dawa, na pia kwa waliojaribu.

---

Mfamasia Malindi

Mwalimu, ahsante kwa kuandika kwa vipimo, kwa sababu wateja wengi huja dirishani wakiniambia "kidogo" na "kwa wingi", na hayo ni maneno ambayo hayaingii katika hesabu ya dawa.

Naomba niongeze upande wa tahadhari. Piperini uliyoisifu haichagui. Inapolizuia ini lisiivunje kurkumini haraka, inalizuia pia lisizivunje baadhi ya dawa nyingine, na dawa hizo zikazidi mwilini. Katika miaka ya karibuni Marekani na Italia zimeripoti wagonjwa walioumia ini baada ya kutumia virutubisho vya manjano, hasa vile vilivyotengenezwa ili vifyonzwe kwa nguvu. Ni watu wachache ukilinganisha na wanaovitumia, lakini anayeona macho yanakuwa ya njano, mkojo umekolea rangi na hamu ya chakula imepotea, aziache kapsuli siku hiyo hiyo na aende hospitali. Manjano ya mchuzini sina ugomvi nayo.

Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asianze tangawizi wala manjano ya kapsuli bila kumweleza daktari wake, na pia mwenye mawe ya nyongo, na mjamzito kwa dozi kubwa. Mgonjwa wa sukari apime mara nyingi zaidi, kwa kuwa vyote viwili vinaweza kuishusha kidogo juu ya kazi ya vidonge vyake.

Jambo linalonikera zaidi ni kapsuli zinazofanya kazi vizuri kupita kiasi. Ukimeza mtishamba na baada ya saa moja maumivu yote yametoweka, usifurahi haraka. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitahadharisha umma kuhusu virutubisho vya viungo ambavyo maabara ilivikuta na dikilofenaki na deksamethasoni, dawa mbili za hospitali ambazo hazikuandikwa popote kwenye kibandiko. Ya kwanza inaweza kutoboa tumbo na kuchosha figo, hasa kwa mtu aliyekauka maji baada ya kukimbia. Ya pili ni steroidi, ambayo ukiizoea kwa wiki kadhaa na kuiacha ghafla, mwili unaweza kuanguka. Kiungulia chako, Mwalimu, huenda kilikuwa cha tangawizi tu, lakini mimi ningeiuliza ile chupa maswali zaidi. Hapa Kenya bidhaa za namna hii zinapaswa kupita kwa Bodi ya Famasia na Sumu, kwa hiyo tafuta namba ya usajili, na usipoiona irudishe chupa dukani.

---

Kijana wa Mambrui

Mimi natumia unga wa mlonge na habasoda kila asubuhi, na tangu nianze siumwi tena baada ya kunyanyua vyuma. Kwa nini mitishamba hii haikutajwa? Ama ni kwa sababu hakuna mzungu aliyeipima?

---

Mwalimu wa Langoni

Ndugu yangu wa Mambrui, swali lako ni la haki, na sehemu yake ya mwisho nimeipokea bila chuki. Mlonge una protini, madini na vitamini, na ni mboga ninayoila. Habasoda ina timokwinoni, ambayo katika maabara hupunguza uvimbe. Hata hivyo, kwa maumivu haya ya misuli ya binadamu baada ya mazoezi, sijaona ushahidi unaokaribia ule wa tangawizi. Ubani pia umepimwa zaidi kwa magoti ya wazee wenye baridi yabisi, ambayo ni maradhi mengine kabisa.

Nikuulize nami: ulipoanza mlonge, ulikuwa na muda gani tangu uanze vyuma? Ikiwa ni wiki mbili au tatu, yapo maelezo mengine. Msuli ulioumizwa mara moja na kazi fulani hujikinga dhidi ya kazi hiyo hiyo, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa, kwa wengine hata miezi. Waliochunguza wameliona jambo hilo mara nyingi, hata kwa watu ambao hawakupewa dawa yoyote. Yaani unywe mlonge, unywe uji, mara ya pili utaumwa kidogo kuliko ya kwanza.

---

Mkandaji wa Shela

Wanangu, mnazungumza habari za kunywa tu, na mafuta mmeyasahau. Mimi nimewakanda mabaharia, wapagazi wa gati na wanawake waliotoka kujifungua kwa zaidi ya miaka thelathini, na mtu mwenye mapaja yaliyokaza simpi kitu cha kunywa ila maji. Natumia mafuta ya simsim yaliyopashwa kidogo, ndani yake nimeloweka karafuu chache zilizopondwa kwenye kinu na kuachwa juani siku kadhaa. Mafuta makali ya karafuu ya chupa siyatii kwenye ngozi peke yake kwa sababu yanaunguza. Nimeyaona yamemtoa malengelenge kijana mmoja aliyejipaka mwenyewe usiku, kisha akajifunika blanketi. Kama ni lazima uyatumie, matone mawili au matatu ndani ya kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi yanatosha.

Tena simkandi mtu kwa nguvu siku ile ile aliyoumia. Naanza kwa kiganja kizima, kutoka kifundo cha mguu kwenda juu, pole pole, na dole gumba nalitumia mwisho kabisa, nikishaona nyama imelegea yenyewe. Akianza kushika pumzi, najua nimezidisha. Mtu aliyevimba mguu mmoja tu, na mguu huo una moto, simgusi hata akinisihi, namwambia aende hospitali.

---

Mfamasia Malindi

Mama, umenena. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walichapisha mapitio ya tafiti 99 za njia za kupunguza maumivu haya na uchovu, na kukanda kulitoka mbele ya njia nyingine zote walizozilinganisha, zikiwamo barafu na nguo za kubana. Na ushauri wako kuhusu mguu mmoja uliovimba ni sahihi, kwa kuwa huenda ni damu iliyoganda katika mshipa, na kuikanda ni hatari.

Kuhusu kupaka, karafuu ina eugenoli, ambayo hutia ganzi kidogo. Dawa za kuchua zenye mentoli huipa ngozi ubaridi, na zenye kiini cha pilipili huipa joto, na vyote viwili huushughulisha mshipa wa fahamu hadi usahau msuli. Hazitengenezi kilichopasuka, bali zinakupa usiku wa kulala. Ukishapaka, nawa mikono. Nimeshamhudumia bwana mmoja aliyejipaka ya pilipili mapajani, kisha akajifuta jicho.

---

Baharia Mstaafu

Sisi tulikuwa tukiingia baharini kiunoni na kusimama mpaka mwili upoe. Nasikia siku hizi wanaoga barafu. Je, si jambo moja?

---

Mwalimu wa Langoni

Mzee wangu, shikamoo. Si jambo moja, kwa sababu majaribio mengi ya maji baridi yalitumia maji ya nyuzi joto 10 hadi 15, na bahari yetu huwa kati ya 25 na 30 hivi mwaka mzima. Hata hivyo kusimama majini kunausaidia mwili kupumzika, na sisi bado tunafanya hivyo kila tunapomaliza, kwa raha yake tu.

---

Mbio Ndefu

Mimi nakimbia mashindano, na mwakani natarajia kushiriki yenye upimaji wa dawa zilizokatazwa. Je, tangawizi au manjano vinaweza kuniharibia?

---

Mfamasia Malindi

Dada, tangawizi na manjano havimo katika orodha ya vilivyokatazwa. Hatari iko katika kapsuli za mchanganyiko. Kwa kanuni za dunia za kupambana na dawa hizo, mwanariadha anawajibika kwa chochote kitakachopatikana mwilini mwake, na kusema "niliambiwa ni mitishamba" hakumfutii kosa. Kuwa kitu kimetoka kwenye mmea si kinga. Higenamini hupatikana katika mimea kadhaa, na tangu mwaka 2017 imetajwa kwa jina katika orodha hiyo. Deksamethasoni niliyoieleza juu nayo, ikimezwa, ni marufuku wakati wa mashindano. Ukihitaji kirutubisho, waulize kwanza wakala wa kupambana na dawa hizo hapa Kenya, na tangawizi yako inunue ikiwa mzizi mzima, uitwange mwenyewe.

Nimekumbuka jambo la haraka kwa wote: maumivu yakizidi badala ya kupungua baada ya siku ya tatu, misuli ikalegea kabisa, na mkojo ukawa na rangi ya kahawa, hayo si maumivu ya kawaida tena. Ni msuli uliovunjika na kumwaga vilivyomo ndani yake katika damu, na figo zinaweza kufa. Usinywe mtishamba wala kidonge cha maumivu, nenda hospitali usiku huo huo.

---

Baharia Mstaafu

Marahaba, Mwalimu. Nina la kukubana. Umetueleza kwamba msuli hujikinga wenyewe baada ya mara ya kwanza. Basi wewe utajuaje kwamba tangawizi yako imekufaa, na wewe vilima umeshavipanda?

---

Mwalimu wa Langoni

Mzee, umenishika mahali nilipotarajia kupita kimya kimya.

Ukweli ni huu. Nimekunywa kijiko kimoja cha unga wa tangawizi kila siku tangu wiki mbili zilizopita, nusu katika uji wa asubuhi na nusu katika kahawa ya jioni, nikiwa nimekula kwanza kwa sababu ya kiungulia. Juzi tulirudi kwenye vilima, mara kumi kama awali. Jana na leo nimeshuka ngazi uso mbele, nikishika ukuta kwa mkono mmoja. Nilikuwa tayari kuja hapa kutamba, lakini wenzangu saba, ambao hawakunywa chochote, nao wameshuka ngazi zao salama, na yule aliyeumia zaidi yangu mara ya kwanza leo asubuhi alikuwa anapakia magunia ya saruji kwenye punda.

Kwa hiyo tumekubaliana tujaribu kwa msuli ambao haujazoea. Sisi sote tunakimbia, wala hakuna anayenyanyua vitu vizito kwa mikono ila mpakia saruji, ambaye tumemtoa. Wanne watakunywa tangawizi kwa siku 11, watatu hawatakunywa, na siku ya 8 kila mmoja atateremsha ndoo ya maji ya lita 10 kwa mkono mmoja, pole pole, mara arobaini, na mtu wa pili atakuwa akimrudishia juu. Najua kwamba watu saba hawathibitishi kitu, na najua kwamba hakuna wa kumficha tangawizi mtu wa Lamu, kwa kuwa ataijua kwa harufu tangu mlangoni. Mke wangu amependekeza wale watatu wapewe kahawa ya iliki ili wasione wivu. Nitayaandika matokeo hapa hapa, yatakavyokuwa.

Ile chupa nimeirudisha. Haikuwa na namba ya usajili. Muuzaji alikataa kurejesha fedha, akanipa badala yake nusu kilo ya tangawizi kavu na pakiti mbili za pilipili manga, nami nikazichukua.

Mama mkandaji, ukipata nafasi Alhamisi baada ya Alasiri nitapita Shela na wenzangu wawili. Mafuta ya simsim nitakuja nayo mimi.